Mtumbwi Uliolazwa Majini

Kakule hakuwa amelala, na nani angemlaumu? Nje ya kituo cha polisi wavushaji walikuwa wakigonga ardhi kwa mipini ya makasia yao, tuh, tuh, tuh, tangu jua lilipotoka, na hakuna aliyepaza sauti wala kutukana. Watu wanaotukana unaweza kuwapoza kwa maneno. Hawa walikuwa wanangoja tu.

Inspekta Naomie Onema alivuta kiti, akaketi mbele ya mtuhumiwa wake.

"Papa Kakule, ile asubuhi Mzee Soudi alikufa, moteri yako ilikuwa wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi amesema ulikuja kuichukua mbele ya jua kutoka."

Kakule alijipangusa jasho. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na pirogi, mtumbwi mkubwa wa moteri, na ingawa watoto wake wote walizaliwa hapa Kindu, kila kitu kilipopotea mtaani yeye aliitwa mgeni tena. Duka lake lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kituoni. Mkewe Jeanine alikuwa humo ndani na watoto, milango imefungwa kwa komeo.

"Pua ya pirogi yako imepasuka," Naomie akaendelea. "Kichwa ya Mzee Soudi nayo imepasuka. Batu wanajumlisha."

"Nilipiga kisiki."

"Wapi?"

Nje, tuh, tuh, tuh.

"Papa, nimekuuliza wapi."

"Kule chini, upande wa Kailo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilienda kubeba mawese. Bila zamu. Mama Inspekta, asosiasyo ikijua nilibeba mizigo bila zamu, wananifukuza."

Naomie alimtazama kama mtu aliyemkuta mbuzi juu ya paa.

"Unaogopa kufukuzwa na chama kuliko kufungwa kwa kuua muntu?"

"Wewe hauko memba," Kakule akasema, kwa huzuni ya kweli. "Hauwezi kuelewa."

Na kwa kweli, asiyekuwa mwanachama wa Umoja wa Wavushaji alipata taabu kuelewa. Vyama Kindu huota kama uyoga baada ya mvua: vinazaliwa na mhuri, prezida na picha ya pamoja, halafu vinakufa picha ikiwa bado mbichi. Umoja ulizaliwa wakati wa vita, bila mhuri, na ulikuwa bado umesimama. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeuunda huu ni Mzee Soudi. Mkutanoni alimpa neno kwanza mwanachama mpya kuliko wote, wazee wakasema mwisho, ili mdogo asije akarudia tu maneno ya mkubwa. Mvushaji akiugua, wenzake walifanya zamu yake na mapato yakaenda kwa mkewe. Prezida mwenyewe alipanga foleni ukingoni kama wengine, na zamu yake ilipoangukia mvua, alilowa kama wengine.

Tena kulikuwa na desturi moja ambayo Umoja uliishika kuliko zote. Kila aliyetoka katika uongozi, hata awe mkuu wa kivuko kidogo namna gani, alisimama mbele ya wote akakausha mtumbwi. Ndivyo walivyoita. Alisema yote aliyoyafanya na yote aliyoyaficha alipokuwa na cheo, pasibaki tone, ndipo mwenzake akabidhiwe chombo kikavu. Vyama vingine viliwacheka. Lakini vyama vingine vilikuwa vimekufa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukausha: Soudi, kwa kuwa hakuwahi kutoka. Mkutano uliopita alitangaza kwamba sasa amechoka, anatoka. Kakule aliinuka papo hapo kukiomba kiti, akataka pirogi za moteri nazo zipewe zamu, na wawili hao wakazozana hadi watu wakawaamulia. Siku chache baadaye Soudi alikutwa amekwama kwenye matete, kichwa kimepasuka, mtumbwi wake haupo. Mji ulishatoa hukumu kabla polisi haijavaa kofia.

"Nani alikuuzia mawese?" Naomie aliuliza.

Kakule alitaja jina. Kumtuma mtu hadi Kailo na kurudi kungechukua siku nzima, na siku nzima hawakuwa nayo. Polisi wa mlangoni alikuwa ameshaingiza kichwa.

"Mama Inspekta, wameleta esanse. Bidoni mbili. Wanasema jua likiinama bila jibu, wanaenda kuchoma duka." Akameza mate. "Tena kuko habari kutoka ng'ambo. Banamuke wa Alunguli wamekanyaga kitu ndani ya kijito. Wanasema njo mutumbwi wa marehemu."

Naomie alisimama.

"Wote mubaki hapa, mulinde mulango. Mimi navuka."

*

Wanawake walikuwa wameacha mihogo yao ikilowa, wamejipanga kando ya kijito bila kusema neno. Mmoja ndiye aliyeukanyaga alipoingia na kapu. Kati yao alisimama Riziki, binti wa Soudi, amejifunga kitenge cha msiba. Naomie alivua viatu, akapandisha suruali, akaingia.

Mtumbwi ulikuwa umelala chini ya maji, mdomo juu, umejazwa mawe kutoka pua hadi tako. Inspekta aliuzunguka polepole. Hakuelewa, na alichukia kutoelewa.

Maana muuaji yeyote mwenye akili ya kuku angeuacha uende. Mto wa Lualaba hauulizi maswali. Ungeuchukua mtumbwi mtupu, ungeutupa kwenye mawe huko chini, na watu wangesema mzee ameteleza, ameanguka, ameumia kichwa, amezama. Wangemlilia, wangemzika, na hakuna OPJ, mpelelezi wa polisi, ambaye angetolewa kitandani. Huyu badala yake alihangaika kubeba mawe, jiwe baada ya jiwe, akafanya kazi iliyogeuza ajali kuwa mauaji. Kwa nini?

Aliinama akaondoa jiwe moja. Chini yake palikuwa na majani ya mangongo, yale mapana ya kufungia kwanga, mkate wa mihogo, yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Akaondoa la pili. Majani tena. Pua ya mtumbwi ilielekezwa kule maji yanakotoka, imefungwa kwa kamba ya mwituni kwenye mzizi chini ya maji, mahali ambapo jicho la juu lisingeiona. Kasia lilikuwa limelazwa ubavuni, kwa urefu, kama mtoto kando ya mama yake.

"Riziki, njoo uangalie."

Riziki aliingia majini. Alipoona majani, alishika mdomo.

"Unajua iyi kazi?"

"Najua." Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Siye batoto njo tulikuwa tunabebaka majani. Wakati ya vita basoda walikuwa wanakamata mitumbwi ya kuvushia bunduki yao, na wakikamata mutumbwi, wanakamata na mwenyewe. Papa akakusanya wavushaji. Akasema, tuizamishe yote, siku moja, wote pamoja, asibaki muntu wa kusema wa fulani iko, wangu haiko. Iyo njo asosiasyo ilianza."

"Na majani?"

"Jiwe bila majani inakula mbao. Ukiulaza vizuri, mutumbwi hauozi, haupasuki. Unakungojea tu mupaka vita iishe."

"Kwa hiyo muntu aliulaza huu ili siku moja autoe."

"Ndiyo, Mama. Huu haukutupwa. Umewekwa."

Naomie alitoka majini, akaketi kwenye gogo. Wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikusanya juu ya mto.

"Na wakati ya vita, mitumbwi ilibaki salama?"

Wanawake wengine waligeuza nyuso, kila mmoja akapata cha kufanya na mihogo yake.

"Muntu alionyesha basoda kijito," Riziki alisema. "Kijito hiki hiki. Wakakamata watu watatu wa kuwatolea mawe. Watatu hawa hawakurudi, mupaka leo."

"Nani alionyesha?"

"Papa alijua. Mama yangu alimuuliza mupaka akakufa, hakumuambia. Alisema, nikitaja leo, asosiasyo inakufa leo. Nitataja siku nitakausha."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku zote hizi polisi, mji na yeye mwenyewe walikuwa wakimsaka mtu aliyekitaka kiti cha Soudi. Kumbe walipaswa kumtafuta mtu ambaye hakutaka Soudi atoke kitini. Na Kakule, aliyefika Kindu baada ya bunduki kunyamaza, aliyejua moteri na mapipa tu, angejifunzia wapi kulaza mtumbwi chini ya maji kwa majani ya mangongo?

"Wako wangapi hai, wenye kujua kazi hii?"

"Wazee wa kwanza wanahesabika. Papa Édouard macho imekufa. Wengine hawawezi kunyanyua jiwe kama hili." Riziki alitazama upande wa kivuko, akateremsha sauti. "Mwenye nguvu amebaki mumoja. Papa Félicien, mukubwa wa zamu. Wakati ya vita basoda walikamatia batoto wake. Kisha walirudishwa."

"Walirudishwa kwa bei gani?"

Riziki aliosha mikono yake kwenye kijito, akaiosha tena.

*

Simu ilikuwa haina mtandao tangu asubuhi. Bac, ile feri ya magari, ilikuwa imelala upande wa Kindu. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na habari aliyokuwa nayo Naomie ilikuwa na njia moja tu ya kufika.

Kwenye kivuko cha Alunguli mitumbwi ilipangwa kwa foleni yake. Zamu ilikuwa ya kijana mmoja aitwaye Okito, naye alikuwa ameshainama kuufungua mtumbwi wake. Mkono ukamshika bega.

"Kaa, Okito. Huyu nitamuvusha mimi."

Alikuwa Félicien, mwanamume mrefu mwenye mvi fupi na vifundo vya mikono vilivyokomaa kwa kasia. Okito alifungua mdomo, akaufunga. Wavushaji waliokuwa ukingoni waliacha kuzungumza. Tangu Umoja uzaliwe hakuna aliyeruka zamu mbele ya mkubwa wa zamu, na leo aliyeiruka ni mkubwa wa zamu mwenyewe.

Naomie angeweza kukataa. Alilifikiria hilo. Kisha aliwafikiria Jeanine na watoto nyuma ya mlango ule, na zile bidoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapanda.

Félicien alipiga kasia kwa utulivu hadi kelele za ukingo zikaisha.

"Mama Inspekta, unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Batu ya ofisi wengi hawajui."

Alipiga kasia mara chache tena, halafu akalitoa majini, akalilaza juu ya magoti yake. Mtumbwi ulianza kugeuka taratibu, ukiufuata mto. Maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo kupitia ufa miguuni mwa Naomie. Kulikuwa na kopo la bati hapo. Alilichukua akaanza kuchota na kumwaga, maana mikono yake ilihitaji kazi.

"Umeuona?" Félicien aliuliza.

"Nimeuona. Umelazwa vizuri sana. Pua iko kule maji inatoka."

"Ukiulaza upande mwingine, maji inauviringisha."

"Papa Félicien, ungeuacha uende na maji, leo tungemuzika Soudi kama muntu alizama. Mimi nisingekuja hapa."

Mzee alifuta maji kwenye kasia kwa kiganja.

"Nilitaka kuuacha," alisema. "Niliusukuma. Nikaona unaenda, unaenda. Ule mutumbwi Soudi alichonga na mukono yake, mimi nikamushikia mbao. Kuuacha uende kuvunjika kwa mawe? Nilijitupa kwa maji kuufuata."

"Na Soudi mwenyewe hukumufuata."

"Soudi nilimuomba!" Sauti yake ilipasuka, na mtumbwi ukayumba. "Nilimungojea asubuhi pale kijitoni. Nikamuambia, kaka, baki kwa kiti mupaka ukufe. Ao toka, lakini usikaushe. Akasema hakuna muntu anatoka bila kukausha, tuliapa sisi wenyewe, tutalazimisha batoto na siye turuke? Alikuwa anasema pole pole, vile alikuwa anasemaka. Mimi nilikuwa na kasia mukononi."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kati yao. Ukingo wa Kindu ulionekana kwa mbali, mstari mweusi wa watu juu yake.

"Batoto wangu walikuwa kwa basoda," Félicien akasema. "Wewe ungefanya nini?"

"Sijui," Naomie alijibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

"Soudi naye alisema hajui. Alibeba iyo neno miaka yote, akinisalimia kila siku." Aliangalia maji. "Hapa njo kina kuliko pote. Mutumbwi ukipinduka hapa, hata mimi sijui kama nafika."

Naomie aliogopa. Lakini tangu alipoelezwa kazi ya yale majani kijitoni alikuwa amejua jambo moja juu ya aliyeulaza mtumbwi, na sasa aliliwekea uhai wake dhamana.

"Huu nao ulichonga wewe?"

"Mimi."

"Ukipinduka, nani ataukimbilia?"

Kiganja cha Félicien kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa mtumbwi, kikiupapasa bila yeye kujua.

"Na tangu umeanza kuvusha, wakati ya vita na sasa, umeshapoteza muntu ulimupakiza?"

"Hata mumoja." Aliinua kichwa, karibu ameudhika. "Hata mumoja, Mama."

"Basi."

Mvua iliongezeka. Mtumbwi uliendelea kugeuka, ukateremka na mto, na Naomie aliendelea kuchota maji na kumwaga. Kisha akamnyooshea mzee lile kopo.

"Papa Félicien, mimi nimechoka. Leo ukaushe wewe."

Alilitazama kopo. Hakulipokea. Lakini alichukua kasia, akalichovya, na pua ya mtumbwi ikageuka kuelekea Kindu.

*

Watu walikuwa wameteremka kutoka kituoni hadi kivukoni. Waliamua kuchoma kwanza pirogi ya Kakule iliyofungwa pale, halafu wapande dukani. Harufu ya esanse ilimfikia Naomie kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Wazee walikuwa mbele, vijana nyuma, makasia mikononi.

Félicien hakushuka. Alisimama ndani ya mtumbwi, mvua ikimtiririka usoni.

"Ninakausha," alisema.

Makasia yalinyamaza. Hata vijana waliokuwa wakisukumana walitulia, maana neno lile hakuna aliyeweza kulikatiza.

"Wakati ya vita, mwenye alionyesha basoda kijito ni mimi. Mwenye alimupiga Soudi ni mimi, na kasia hili. Kakule hajui kitu. Nimemaliza. Imekauka."

Vijana walipiga kelele. Mmoja alishika kichwa kwa mikono yote miwili, mwingine aliketi chini kwenye tope akalia kwa sauti. Naomie alikuwa ameshamshika Félicien mkono, tayari kumkinga, na macho yake yaliwaendea wazee, kwa sababu hao ndio waliokuwa karibu kuliko wengine na ndio aliowaogopa.

Wazee hawakupiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyeguna. Nyuso zao zilikuwa zilezile za asubuhi, nyuso za watu wanaongoja, na hapo ndipo alipofahamu kwamba hawakuwa wamesikia jambo jipya: walijua, na bado walikuwa wameleta esanse kwa ajili ya Kakule.

Papa Édouard, yule ambaye macho yake yamekufa, alisogea mbele akijiegemeza kwenye kasia. Aligeuza uso kule sauti ilikotoka.

"Félicien."

"Naam, kaka."

"Na mutumbwi ya Soudi?"

"Iko muzima. Niliulaza na majani."

"Mungu asifiwe," mzee akasema, na wazee wote wakashusha pumzi pamoja.

Naomie aliruka mchangani akimvuta Félicien nyuma yake, akasimama mbele ya mzee aliyekuwa amebeba bidoni, akanyoosha mkono. Mzee alimwangalia kidogo. Halafu akaondoa kofia yake kwa heshima, akamkabidhi bidoni ile kwa mikono miwili.